Mkono Mmoja kwa Wiki Sita: Kuendesha Nyumba Baada ya Kuumia

Haya ni maneno ya mazungumzo ya afya ya nyumbani yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wadi ya Kanyangi, Kaunti ya Kitui. Yamechapishwa hapa ili wasiofika barazani wayasome, na waliofika wabaki nayo nyumbani.



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka liwapate. Si ugonjwa mkubwa. Ni mkono kuteguka, kidole kukatwa na panga, au mfupa wa kifundo cha mkono kupasuka baada ya kuanguka. Aliyeumia hivyo mara nyingi halazwi. Anafungwa mkono, anapewa dawa ya maumivu, anaambiwa aupumzishe, kisha anarudi nyumbani. Shida inaanzia hapo nyumbani, kwa sababu moto haujui kwamba mkono umefungwa, mbuzi hawajui, na mtoto mchanga hajui.

Chukueni mfano wa mama mmoja. Jina lake halihitajiki, kwa maana kila kijiji kina mama kama yeye. Ni wiki ya kwanza ya Oktoba. Mto umekauka na watu wanachota maji kwenye mashimo yaliyochimbwa mchangani. Mama huyu anapanda ukingo wa mto akiwa na mtungi mgongoni. Mguu unateleza, naye anajikinga kwa kiganja. Kifundo cha mkono wa kulia kinavimba papo hapo. Hospitalini, eksirei inaonyesha kwamba mfupa umepasuka lakini haujahama mahali pake. Anafungwa plasta na kuambiwa: wiki sita.

Wiki sita kutoka mwanzo wa Oktoba ni katikati ya Novemba. Kila mkulima aliyeketi hapa ameshapiga hesabu hiyo. Mvua inayoanza kati ya Oktoba na Novemba ndiyo inayotegemewa zaidi Ukambani. Ndiyo ya mahindi, ndengu, kunde na mbaazi. Kwa hivyo mama huyu hana shida ya mkono peke yake. Ana shida ya mkono na ya shamba, na zote mbili zinataka wiki zile zile.

Hapo ndipo watu hukosea. Wiki ya tatu maumivu yamepungua, mawingu yamekusanyika, na mtu anachukua kisu anaikata plasta mwenyewe ili ashike jembe. Lakini kupungua kwa maumivu si kupona kwa mfupa. Mfupa wa wiki tatu umeanza kuunga, ila bado ni dhaifu. Ukitikiswa na jembe unaweza kuhama, na baadaye kuunga ukiwa umepinda. Mtu aliyetaka kuokoa msimu mmoja anaweza kupoteza nguvu za mkono kwa misimu mingi.

Kwa hivyo swali la leo ni hili: mama huyu atavukaje wiki hizo sita bila kuharibu mkono, bila watoto kulala njaa, na bila shamba kubaki tupu?

MKONO WENYEWE KWANZA

Mara tu mkono unapoumia, pete, bangili na saa vivuliwe. Baada ya saa moja, uvimbe unaweza kuifanya pete isitoke tena.

Ikiwa ni jeraha la kukatwa, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kisha ligandamizwe kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo, bila kufunua kila mara kutazama. Lisitiwe mafuta ya taa, majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe wala dawa ya meno. Vitu hivyo huingiza uchafu na huweza kuleta pepopunda. Kidonda kilichokatwa na panga, jembe au msumari wenye udongo kinahitaji kuonwa na mhudumu wa afya, ambaye ataamua kama sindano ya pepopunda inahitajika. Na kama kidole kilichokatwa hakikunjiki, hakinyooki, au kimekufa ganzi, huenda mshipa umekatika hata kama kidonda chenyewe ni kidogo. Hicho ni cha hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyefungwa plasta auweke mkono juu ya kiwango cha moyo siku za kwanza. Akilala, mkono uwe juu ya mto. Akitembea, leso iliyofungwa shingoni iubebe. Vidole visikae vimelala: vikunjwe na kunyooshwa kila saa anapokuwa macho. Kiwiko na bega, kama havikufungwa, vichezeshwe pia, la sivyo vitakakamaa.

Plasta isilowe maji. Ikiwasha ndani, isichokolewe kwa kijiti wala sindano ya kufumia, kwa sababu ngozi ikichubuka humo ndani hakuna atakayeona kidonda.

Sasa sikilizeni sehemu hii kwa makini. Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi: maumivu yanayozidi hata baada ya kumeza dawa, vidole vinavyokuwa baridi, vyeupe au vya buluu, ganzi, vidole kushindwa kusogea, harufu mbaya au usaha kutoka ndani ya plasta, homa. Plasta iliyobana inaweza kuua nyama ya mkono kwa muda wa saa chache. Mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo.

MKONO WA PILI HUFANYA KAZI GANI?

Mtazameni mtu anayekata kitunguu. Mkono mmoja una kisu. Mwingine unafanya nini? Unakishikilia kitunguu kisikimbie. Mtazameni anayefungua chupa: mkono mmoja unazungusha, mwingine umeishika chupa. Anayesonga ugali: mmoja una mwiko, mwingine umeishika sufuria. Kazi nyingi za nyumbani ziko hivyo. Mkono mmoja hutenda na wa pili hushikilia.

Kwa hivyo aliyebaki na mkono mmoja hahitaji kujifunza miujiza. Anahitaji kutafuta kitu kingine cha kushikilia. Jiwe hushikilia. Magoti hushikilia, na ukuta, msumari na kitambaa kilicholoweshwa pia hushikilia. Kabla ya kila kazi ajiulize: nani atashika?

JIKONI

Kibao cha kukatia kipigiliwe misumari miwili kutoka chini, ncha zitokeze juu. Kitunguu, kiazi au embe huchomekwa hapo na kukatwa kwa mkono mmoja. Chini ya kibao atandike kitambaa kibichi ili kisiteleze. Kazi ikiisha, ncha za misumari zifunikwe kwa kipande cha kigunzi cha mahindi, maana watoto hupita. Hata Nelson, yule kamanda wa majeshi ya majini ya Uingereza aliyekatwa mkono wa kulia mwaka 1797, alikula kwa chombo kimoja kilichounganisha kisu na uma. Hakuna aliyemwona mvivu.

Viazi vichemshwe na maganda. Vikiiva, ganda hutoka kwa vidole. Sukuma wiki inunuliwe ikiwa imekatwa; akina mama wengi sokoni humkatia mteja akiomba. Kunde zichambuliwe akiwa ameketi, shina limebanwa chini ya goti, mkono ukivuta majani.

Ugali ndio mtihani. Kusonga ugali kwa mkono mmoja katika sufuria isiyoshikwa ni njia ya haraka ya kujimwagia uji wa moto miguuni. Kama hakuna wa kushika sufuria, ugali usipikwe siku hiyo. Muthokoi na isyo havitaki mikono miwili, vinataka muda. Mahindi na maharagwe yakilowekwa usiku, kinachobaki asubuhi ni moto na subira.

Maji ya moto yasimiminwe kutoka kwenye sufuria kubwa. Yachotwe kwa upawa au kikombe, kidogo kidogo. Sufuria iliyojaa isibebwe kabisa. Ibaki jikoni, na sahani ndizo zifuate sufuria. Kisanduku cha kiberiti kibanwe chini ya jiwe, wala si katikati ya magoti penye nguo. Na leso iliyobeba mkono isining'inie karibu na moto.

MAJI NA UFUAJI

Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa zaidi ya kilo 20. Mtu anaweza kusema kwamba ukamba wa kichwani ndio unaobeba, mikono haifanyi kitu. Si kweli. Kuupandisha mtungi mgongoni kunataka mikono miwili, na akiteleza tena hana mkono wa kujikingia. Kwa wiki hizi sita mtungi mkubwa ni wa punda au wa mtu mwingine. Yeye abebe kidumu cha lita 5, safari fupi.

Nyumbani, maji ya matumizi yawekwe kwenye ndoo yenye mfereji, juu ya kiti au meza. Kwa kunawa, kidumu kidogo kitundikwe kwenye mti, kitobolewe tundu, na kifungwe kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Mguu ukikanyaga, kidumu kinainama na maji yanatoka. Sabuni ining'inizwe kwa kamba kando yake. Chombo hiki hugharimu karibu na bure, na mkono ukipona familia nzima itaendelea kukitumia.

Nguo zilowekwe na sabuni usiku kucha. Asubuhi zikanyagwe kwa miguu kwenye karai, jinsi udongo wa nyumba unavyokanyagwa. Za kukamua ziviringishwe kwenye nguzo, ncha zote mbili zikamatwe pamoja na kusokotwa. Nzito, kama mablanketi, zingoje.

KUOGA NA KUVAA

Plasta ifungwe mfuko wa plastiki usiotoboka kabla ya kuoga, na mkono uwekwe nje ya beseni. Swali ambalo watu huona haya kuuliza ni hili: mkono mzima unaogaje wakati mwenzake amefungwa? Kitambaa chenye sabuni kitandikwe juu ya paja, kisha mkono mzima usuguliwe juu yake. Mswaki uwekwe mezani, dawa ikamuliwe juu yake, ndipo uchukuliwe.

Katika kuvaa, mkono mgonjwa hutangulia kuingia. Katika kuvua, hubaki wa mwisho kutoka. Akikumbuka hilo tu, amepunguza nusu ya maumivu. Nguo pana, sketi yenye mpira kiunoni na viatu visivyo na kamba ndivyo vya kipindi hiki. Wanaume nao, suruali ya mpira haiondoi heshima.

Na kama mkono ulioumia ni ule wa kutumia msalani, maji na karatasi vihamishiwe upande wa pili mapema. Mtu asingoje kugundua hilo akiwa ameshaingia.

MTOTO, SIMU NA PIKIPIKI

Mtoto mchanga asiogeshwe na mtu mwenye mkono mmoja akiwa peke yake. Mtoto mwenye sabuni huteleza kuliko samaki. Kunyonyesha kufanyike mama akiwa amelala ubavu au ameketi mkekani huku mtoto amewekwa juu ya mto. Mama asimbebe mtoto na kitu cha moto kwa wakati mmoja, hata kikombe cha chai.

Kwenye simu kuna hatari ambayo haihusu mifupa. Mtu aliyezoea mkono wa kulia huona taabu kubonyeza namba kwa wa kushoto, akampa jirani au kijana wa dukani simu pamoja na namba yake ya siri amtumie pesa. Mkono utapona, lakini pesa zilizotolewa hazitarudi. Simu iwekwe mezani, ibonyezwe polepole kwa kidole kimoja.

Vijana wa bodaboda: mwenye plasta haendeshi pikipiki. Breki na mafuta viko kwenye mkono wa kulia, klachi iko kwa wa kushoto. Hakuna mkono wa ziada.

SHAMBA NA MWETHYA

Sasa turudi kwa mama yetu na mvua yake.

Kazi ya kwanza ni kusema mapema. Watu wengi walioumia hunyamaza kwa wiki mbili wakitumaini kupona haraka. Wanapofungua mdomo, majirani wameshaanza mashamba yao. Asiyesema siku ya tatu atajikuta anaomba siku ya ishirini, wakati kila mtu yuko mbioni na mvua.

Kazi ya pili ni kuomba kitu kinachojulikana. Akisema "nisaidieni jamani", kila mtu ataitikia na hakuna atakayejua aje lini. Lakini akisema "naomba watu wanne Jumamosi asubuhi, tupande kile kipande cha chini karibu na mwembe", watu wanne watakuja. Hapa Ukambani jambo hilo lina jina la zamani: mwethya. Mikono ya mwethya ndiyo iliyochimba matuta yanayozuia udongo kwenye vilima hivi, na si jambo la aibu kuiita kwa ajili ya mkono mmoja uliovunjika.

Kazi ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Mwenye mkono mmoja bado ni mfanyakazi. Kudondosha mbegu kwenye shimo au nyuma ya plau ni kazi ya mkono mmoja. Mfuko wa mbegu unaning'inia shingoni, mwenzake anatangulia na jembe au ng'ombe, na yeye anafuata. Kuchagua mbegu, kulinda watoto wa wanaolima, kuangalia chungu cha isyo cha mwethya, kukumbuka nani amechangia siku ngapi ili alipwe zamu yake ikifika: zote hizo ni kazi. Mtu akipewa kazi anayoiweza, hatakuwa na sababu ya kuikata plasta kwa kisu.

Neno kwa waume na vijana wa nyumba hiyo. Mara nyingi plasta hukatwa mapema kwa sababu mgonjwa ameona vyombo vimelala vichafu siku tatu na hakuna aliyenyanyuka, hata kama shamba lenyewe linaweza kungoja. Baba akichota maji na kijana akisonga ugali kwa wiki sita, wanaulinda mfupa sawa na plasta inavyoulinda. Na ikiwa aliyeumia ni baba, aache wengine wakamue mbuzi na kupasua kuni bila kuwakemea kwamba hawajui.

GHARAMA NA MSAADA

Kila mmoja hapa awe amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Kujisajili hufanyika kwa simu yoyote kwa kubonyeza *147#, au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya. Aliyejisajili hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu zinahitaji mchango wake uwe umelipwa. Siku ya kuvunjika mkono si siku nzuri ya kuanza kutafuta kitambulisho.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, mnaotembelea kaya takriban 100 kila mmoja, mkikuta mtu mwenye plasta msiishie kusema pole. Tazameni rangi ya vidole. Vishikeni, mwone kama vina joto. Mwambieni avikunje. Muulizeni tarehe ya kurudi kliniki, na muulize pia ni nani anayemchotea maji.

SIKU PLASTA INAPOTOLEWA

Plasta hutolewa hospitalini, kwa kifaa maalum kinachokata plasta bila kukata ngozi. Mkono utakaotoka humo utashangaza: utakuwa mwembamba, mkavu, mgumu kama kuni. Hiyo ni kawaida. Nguvu hurudi kwa hatua. Uanze kwa kukamua kitambaa ndani ya maji ya uvuguvugu, kisha kushika kikombe, kisha kidumu cha lita 5. Jembe ndilo la mwisho. Vidole vikikataa kukunjika baada ya wiki kadhaa, mgonjwa aombe kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kazi. Mama anayesuka vyondo asikate tamaa. Kazi hiyo yenyewe, ikirudiwa polepole, ni mazoezi mazuri ya vidole.

Jambo la mwisho. Katika kila kata wako watu ambao kwao mkono mmoja si wa wiki sita. Ni wa maisha, kwa kuzaliwa hivyo, kwa ajali au kwa kiharusi. Wanapika, wanafuga, wanalea. Mengi yaliyosemwa hapa wao wanayajua kuliko kitabu chochote, na kwa kawaida hakuna anayewauliza. Mwenye plasta aende awaulize. Na plasta ikitoka asisahau alivyohangaika na mfuniko wa chupa, ili akimkuta jirani huyo dukani ajue namna ya kumsaidia bila kumdharau.

Mama wa mfano wetu, akiyafuata haya, katikati ya Novemba atarudi kutoka hospitali na mkono uliounga sawasawa. Kipande cha chini karibu na mwembe kitakuwa na ndengu zilizokwisha kuota, mistari ikiwa imepinda kidogo pale vijana walipolima kwa haraka. Hiyo inaweza kurekebishwa wakati wa palizi. Mfupa uliounga vibaya haurekebishwi kwa palizi.

Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye plasta aite vidole vya wenzake, na aliyeitwa aende.